Green Bay Packers Enzi za Kuzungusha Kofia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majira ya baridi, mechi ya Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Marekani, inayochezwa saa sita mchana kule Wisconsin huku kwetu inaanza saa tatu usiku. Kila nikiiangalia mbele za watu, kabla hata kipindi cha kwanza hakijaisha, mtu ataniuliza: huu mji wa Green Bay uko wapi, na umepataje timu kubwa namna hii? Nimechoka kujibu nusu nusu huku macho yangu yakiwa kwenye skrini, kwa hiyo maswali yote nimeyaweka hapa. Naishia mwaka 1950 na miaka michache ya pembeni. Makombe ya akina kocha Vince Lombardi wa miaka ya 1960 hayamo, hayo wameyaeleza wengi.

Green Bay ni wapi, na ina ukubwa gani?

Ni mji wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, pale mto Fox unapomwaga maji kwenye ghuba ya Ziwa Michigan. Shughuli zake ni karatasi, nyama na jibini. Sensa ya 1920 ilikuta watu kama 31,000 tu. Hata leo ni mji wa watu laki moja na kidogo, na unacheza ligi moja na New York, Los Angeles na Chicago. Ukiuchukua peke yake, hakuna mji mdogo kuliko huo wenye timu katika michezo mikubwa ya kulipwa Marekani.

Mchezo wenyewe ni upi? Ni raga?

Ni binamu wa raga. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukifika na mpira kwenye eneo la mwisho umepata tachidauni, pointi sita, na baada yake unapewa nafasi ya kupiga teke la pointi moja ya nyongeza. Tofauti kubwa na raga ni kwamba hapa unaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Timu ilianzishwa lini na nani?

Jioni ya tarehe 11 Agosti 1919, vijana walikutana katika chumba cha habari cha gazeti la Green Bay Press-Gazette. Walioitisha kikao walikuwa wawili. Mmoja ni Earl Lambeau, aliyeitwa Curly kwa sababu ya nywele zake za mawimbi, kijana wa miaka 21, mzaliwa wa hapo hapo, nyota wa shule ya sekondari ya East. Wa pili ni George Whitney Calhoun, mhariri wa michezo wa gazeti hilo. Siku tatu baadaye walikutana tena, wakaja wengi zaidi, na timu ikawa imepatikana.

Watu hupenda kumpa Lambeau sifa zote, na uwanja umepewa jina lake. Mimi nasema bila Calhoun kusingekuwa na timu. Yeye ndiye aliyeandika gazetini kuwaita vijana kikaoni, ndiye aliyetafuta wapinzani, ndiye aliyesifia mechi kabla hazijachezwa, na ndiye aliyezungusha kofia kwa watazamaji. Lambeau alikuwa na mguu, mkono na jeuri, lakini gazeti alikuwa nalo Calhoun.

Kwa nini Lambeau hakuwa chuoni?

Alikuwako. Mwaka 1918 alikwenda Notre Dame, akacheza chini ya kocha Knute Rockne, timu moja na nyota George Gipp. Akashikwa na ugonjwa wa mafindofindo, akarudi nyumbani kutibiwa, na hakurudi tena masomoni. Alipata kazi kwenye kampuni ya nyama kwa dola 250 kwa mwezi, na kwa kijana wa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kumfanya asahau darasa.

Jina «Packers» lina maana gani?

Ni wasindikaji, watu wa kiwanda wanaofungasha nyama kwenye makopo. Kampuni iliyomwajiri Lambeau iliitwa Indian Packing Company, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nyama yake ya kopo ilikwenda kwa wanajeshi. Lambeau alimwomba mwajiri wake msaada, akapewa kama dola 500 za jezi na vifaa pamoja na ruhusa ya kutumia uwanja wa kampuni kwa mazoezi. Jina la wafadhili likashika.

Ajabu yake ni kwamba kampuni yenyewe haikudumu. Mwaka 1921 ilikuwa imeshamezwa na kampuni nyingine ya nyama, Acme Packing, ambayo nayo haikukaa sana na timu. Viwanda vimekufa, jina la viwanda limebaki kifuani mwa wachezaji zaidi ya miaka mia.

Mechi za kwanza zilikuwaje?

Usifikirie uwanja. Fikiria kiwanja cha wazi kinachoitwa Hagemeister Park, hakina uzio wala viti. Kamba imezungushwa pembeni, watu wamesimama nyuma yake, wengine wamesogeza magari yao na kukaa juu ya boneti. Timu ikisogea upande huu, watazamaji nao wanatembea upande huu kufuata mpira. Kwa kuwa hapakuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, wakati wa mapumziko kila timu ilikwenda kukaa kwenye ncha yake ya uwanja, na mashabiki wakaizunguka. Kocha akitoa maelekezo, shabiki wa nyuma naye anatoa yake.

Hapakuwa na kiingilio. Kofia ilizungushwa, mwenye senti akatia senti.

Mechi ya kwanza kabisa, Septemba 14, 1919, waliikung'uta timu ya Menominee 53 kwa 0. Msimu mzima walishinda mechi kumi, wakafunga jumla ya pointi 565 na kufungwa 12. Mechi waliyopoteza ni moja tu, ya mwisho, 6 kwa 0 mjini Beloit, na mpaka leo wa Green Bay watakwambia mwamuzi alikuwa mtu wa kule kule. Mwisho wa msimu waligawana kilichopatikana: kila mchezaji dola 16.75. Hiyo si ya mechi moja, ni ya msimu.

Waliingia lini ligi ya kulipwa?

Mwaka 1921. Ligi ilikuwa imeundwa mwaka mmoja nyuma huko Canton, Ohio, na jina la NFL (Ligi ya Taifa ya Futiboli) ilikuja kulichukua mwaka 1922. Packers walikubaliwa Agosti 1921 kwa mgongo wa wenye kampuni ya Acme. Mechi yao ya kwanza ya ligi ilikuwa Oktoba 23, dhidi ya Minneapolis Marines, wakashinda 7 kwa 6, na pointi ile moja ya nyongeza aliipiga Lambeau mwenyewe kwa mguu wake. Wakati huo alikuwa mchezaji, nahodha na kocha kwa pamoja.

Mwezi mmoja baadaye wakakutana kwa mara ya kwanza na timu ya George Halas kutoka Chicago, iliyoitwa Staleys na mwaka uliofuata ikajiita Bears. Walichapwa 20 kwa 0, na mchezaji wao mkubwa, Cub Buck, akavunjwa pua kwa ngumi. Uhasama wa Packers na Bears unaousikia leo ulianza siku ile, na ulianza na damu.

Ni kweli walifukuzwa ligini?

Kweli, na walistahili. Desemba 1921 waliwaingiza wachezaji wa Notre Dame, ambao bado walikuwa wanafunzi wa chuo, kwa majina ya bandia. Timu nyingi za kulipwa zilikuwa zikifanya mchezo huo. Tatizo lilikuwa kukamatwa, na wao walikamatwa. Habari ikatoka gazetini. Vyuo vilikuwa na nguvu kuliko ligi hii changa, na ligi ilihitaji kuonyesha kwamba ina adabu. Januari 1922 Green Bay ikavuliwa uanachama.

Mmoja wa wachezaji wale, Hunk Anderson, mwaka huo huo wa 1922 alikuwa anaichezea Chicago Bears. Halas alikuwa mjanja, na watu wa Green Bay hawajaacha kulitaja jambo hilo.

Na ile hadithi ya gari lililouzwa?

Ile husimuliwa hivi: Lambeau aliomba arudishiwe timu, akatakiwa alipe ada, mfukoni hana kitu, nauli ya kwenda kwenye mkutano wa ligi pia hana. Rafiki yake akauza gari lake ili wote wawili wasafiri, na kama shukrani akaruhusiwa kucheza dakika ya kwanza ya mechi ya kwanza ya msimu.

Mimi nasimulia kama nilivyoipokea. Ni tamu mno kuwa kweli yote. Lililo hakika ni kwamba Juni 1922 Lambeau alirudishiwa nafasi ligini, na timu sasa ikawa yake na wenzake wachache, si ya kiwanda tena.

Walipokuwa hawana kiwanda, fedha zilitoka wapi?

Hapa ndipo penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Vuli ya 1922 mvua iliwaandama. Klabu ilikuwa imekata bima ya mvua: ikinyesha kiasi fulani siku ya mechi, bima inalipa pengo la kiingilio. Mechi moja ikanyeshewa, watu wakabaki majumbani, klabu ikapeleka madai. Bima ikapima. Mvua ilikuwa imepungua kiasi cha kitone kufikia kipimo cha mkataba, hawakulipwa hata senti. Fikiria umesimama kwenye tope, jezi imeshikana na ngozi, halafu unaambiwa mvua haikutosha.

Ikaja siku ya sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba, mechi dhidi ya timu ya Duluth. Mvua tena. Lambeau na Calhoun wakapiga hesabu: wakicheza watawalipa wageni dhamana yao na watazamaji hawatakuwepo, wakiahirisha, wataonekana wamefilisika, na pengine ndiyo kweli. Ndipo akaingia Andrew Turnbull, meneja wa biashara wa Press-Gazette. Akawaambia chezeni, hasara hii tutaitafutia dawa pamoja. Walicheza, wakashinda 10 kwa 0, na hasara ikawa kama walivyotabiri.

Turnbull alitimiza ahadi. Aliwaita wafanyabiashara wa mji, na mwaka 1923 ikaanzishwa kampuni ya hisa isiyo ya faida. Hisa 1,000 ziliuzwa kwa dola 5 kila moja, na aliyenunua alitakiwa anunue pia tiketi sita za msimu. Soma tena sharti hilo. Hawakutaka fedha tu, walitaka mtu aje uwanjani, alete mke, shemeji na jirani. Turnbull akawa rais wa kwanza wa klabu.

Yeye, Lambeau, wakili Gerald Clifford, daktari W. Webber Kelly na mfanyabiashara wa vyakula Lee Joannes wakabandikwa jina la «Wenye Njaa Watano», kwa kuwa kila ukikutana nao mtaani mkono uko mbele wanakuomba kitu kwa ajili ya timu.

Kwenye picha za zamani utaona Lambeau ameshika mpira. Turnbull huwa hayumo, au yuko pembeni amevaa koti. Mimi nikiulizwa nani aliiokoa timu, namtaja mwenye koti.

Gazeti kuendesha timu na kuiripoti, si mgongano wa maslahi?

Ni mgongano mtupu, na leo asingeruhusiwa mtu. Ukisoma ripoti za Calhoun unajua mwandishi anaombea nani. Lakini ukiondoa gazeti, unaondoa timu.

Mwenye hisa anapata nini?

Kwa lugha ya biashara: hapati kitu. Hisa haina gawio, haipandi thamani, huwezi kumuuzia mtu kwa faida. Unapata karatasi ya kutundika ukutani na haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wanaofikiri ni kama hisa za benki hupata mshangao.

Wenye akili walikuwa waandishi wa katiba. Waliweka kwamba timu ikivunjwa na mali ikauzwa, fedha zote zinakwenda kwa tawi la mji la chama cha wanajeshi wastaafu, American Legion, zijenge kumbukumbu ya wanajeshi. Kwa hiyo hakuna mwenye hisa aliyekuwa na sababu ya kutamani timu iuzwe au ihamishwe. Kifungu hicho kilibaki mpaka 1997, ambapo mnufaika alibadilishwa akawa taasisi ya hisani ya timu yenyewe. Leo wenye hisa ni zaidi ya laki tano, na kanuni za NFL haziruhusu timu nyingine kumilikiwa hivi. Packers wameachwa kwa sababu walikuwapo kabla ya kanuni.

Miji mingine midogo iliishia wapi?

Ilipotea karibu yote. Canton yenyewe, ilikozaliwa ligi, haina timu. Rock Island, Duluth, Racine, Pottsville, zote zilishakuwemo na zote zilitoweka. Decatur ilimpoteza Halas kwa Chicago mwaka 1921. Portsmouth ya Ohio ilivumilia hadi 1934, ikauzwa na kuhamia Detroit, ndiyo Lions ya leo. Kipindi hicho mwenye timu alikuwa mtu mmoja au kampuni moja. Akichoka au mfuko ukikauka, anauza. Green Bay hapakuwa na mtu wa kuchoka. Kulikuwa na mamia ya watu wenye karatasi za dola tano.

Ubingwa wa kwanza ulikuja lini?

1929, na haukuja peke yake: 1930 na 1931 wakachukua tena. Mitatu mfululizo. Hapakuwa na fainali, bingwa alipatikana kwa msimamo wa ligi.

Kabla ya msimu wa 1929 Lambeau alisajili watu watatu waliobadilisha kila kitu. Cal Hubbard, jitu la mtu kutoka timu ya New York Giants. Mike Michalske, mlinzi mgumu. Na Johnny McNally, aliyejiita Johnny Blood, jina alilolichota kwenye bango la sinema ili acheze kulipwa bila chuo kumjua. Huyu wa mwisho alikuwa mkimbiaji hodari na mpenzi wa chupa. Inasimuliwa kwamba Lambeau alimpa chaguo: dola 110 kwa wiki ikiwa ataacha pombe siku za karibu na mechi, au 100 anywe atakavyo. Akachagua 100. Kocha, kwa kuupenda ukweli wake, akampa 110.

Msimu ule walicheza mechi 13, wakashinda 12, moja ikawa sare tasa na Frankford. Ulinzi wao uliruhusu pointi 22 tu mwaka mzima. Mechi iliyoamua ilikuwa New York, Novemba 24, dhidi ya Giants ambao nao walikuwa hawajafungwa. Packers walishinda 20 kwa 6 kwa kutumia wachezaji kumi na moja karibu mechi nzima, badiliko likafanyika mwishoni kabisa. Zama zile uliyeanza ulicheza pande zote, kushambulia na kuzuia, mpaka kipenga.

Walirudi kwa treni Desemba. Mji wa watu kama 37,000 ulitoa watu wapatao 20,000 kwenda kuwapokea usiku wa baridi ya Wisconsin. Piga hesabu mwenyewe nani alibaki nyumbani.

Kwa nini hawakuchukua na 1932?

Kwa sababu ya hesabu. Walishinda mechi kumi, nyingi kuliko timu yoyote, wakapoteza tatu, sare moja. Bears walishinda sita tu lakini walikuwa na sare sita, na ligi wakati huo haikuhesabu sare kabisa. Ilitazama asilimia ya ushindi. Portsmouth nao walikuwa hivyo hivyo. Hao wawili wakacheza mechi ya kuamua, ndani ya ukumbi huko Chicago, na Packers wakaangalia. Kwa hesabu ya leo, inayoipa sare nusu ya ushindi, Packers wangemaliza wa kwanza. Ukitaka kumchokoza mzee wa Green Bay, mtajie 1932.

Ni kweli shabiki mmoja karibu aue timu?

Mwaka 1931 mtazamaji alianguka kutoka jukwaani, akaumia, akashtaki. Mahakama ikampa kama dola 5,000. Klabu ilikuwa na bima, lakini ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na kampuni ile ya bima ikafa. (Unaona? Bima na Packers ni maji na mafuta.) Mwaka 1933 klabu ikawekwa chini ya mfilisi. Joannes, mmoja wa Wenye Njaa Watano, akatoa fedha zake mwenyewe kuikopesha isizame. Mwaka 1935 wakazungusha kofia mara ya pili: wafanyabiashara wa mji wakakusanya dola 15,000, kampuni ikaundwa upya kwa jina la Green Bay Packers, Inc., na ndiyo iliyopo hadi sasa.

Don Hutson ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Alikuja mwaka huo huo wa 1935 kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, mwembamba, watu wakasema atavunjika. Alikuwa amesaini mikataba miwili, mmoja na Packers na mwingine na Brooklyn. Rais wa ligi, Joe Carr, akaamua kwa muhuri wa posta: bahasha iliyogongwa mapema ndiyo halali. Ya Green Bay ilikuwa imetangulia.

Mechi yake ya kwanza dhidi ya Bears, mpira wa kwanza kabisa wa Packers, Arnie Herber akaurusha mbali, Hutson akaudaka na kukimbia nao: yadi 83, tachidauni. Mechi ikaisha 7 kwa 0. Mabeki wa Chicago walikuwa wakimtazama Johnny Blood.

Nilisema tutarudi kwenye kurusha mpira. Timu nyingi zilikuwa zinasukumana ardhini, na kurusha lilikuwa jambo la mtu aliyekwama. Lambeau alikuwa akirusha tangu alipokuwa mchezaji, na kwa Herber, mtoto wa mji ule ule, na Hutson, akapata mrushaji na mdakaji wa kufanya hilo liwe mfumo. Hutson alistaafu 1945 akiwa na tachidauni 99 za kudaka, rekodi iliyokaa hadi 1989. Kwa yeye walichukua ubingwa wa 1936, 1939 na 1944.

Wachezaji weusi walikuwepo?

Ligi ilianza nao. Fritz Pollard alikuwa kocha Akron mwaka 1921, na Duke Slater alicheza Rock Island na baadaye Chicago. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakukuwa na hata mmoja ligini. Wenye timu waliwafungia mlango bila kuandika popote. Green Bay haikuwa bora kuliko wengine katika hilo. Anayetambuliwa kuwa mweusi wa kwanza kuichezea Packers katika mechi ya ligi ni Bob Mann, Novemba 1950, Lambeau akiwa ameshaondoka. Mann aliongoza ligi kwa yadi za kudaka mwaka 1949 akiwa Detroit, kisha akatakiwa apunguziwe mshahara. Alikataa, na milango ikafungwa mpaka Green Bay ilipomchukua. Kurasa nyingi za historia ya timu zinaruka sehemu hii. Hapa haitarukwa.

Mbona baadhi ya mechi za nyumbani zilichezwa Milwaukee?

Fedha. Kuanzia 1933 walipeleka sehemu ya mechi Milwaukee, mji mkubwa wa jimbo, na walifanya hivyo hadi 1994. Fainali ya 1939, walipoifunga Giants 27 kwa 0, ilichezwa pembeni ya Milwaukee, si Green Bay.

Lambeau aliondokaje?

Vibaya. Baada ya vita ikazuka ligi shindani, mishahara ya wachezaji ikapanda, Hutson keshastaafu, na Lambeau akazidi kuwa mtu wa matumizi. Mwaka 1946 aliishawishi klabu inunue Rockwood Lodge, jumba la mazoezi nje ya mji. Lilikuwa la fahari, lakini ardhi yake ilikuwa ngumu kama sakafu na wachezaji waliichukia. Calhoun, yule aliyezungusha kofia 1919, mwaka 1947 alinyang'anywa kazi ya kuisemea timu. Habari yenyewe aliisoma ikitoka kwenye mashine ya simu za habari, hakuna aliyemwambia uso kwa uso. Walipoanza walikuwa wawili.

Januari 1950 Rockwood Lodge ikateketea kwa moto. Wiki moja baadaye Lambeau akajiuzulu, akaenda kufundisha Chicago Cardinals. Safari hii bima ililipa, na fedha hizo zikaipa klabu pumzi.

Waliwezaje kuvuka 1949 na 1950?

Kofia tena. Siku ya Shukrani ya 1949 walicheza wao kwa wao kwenye theluji, na wakongwe wakaitwa wajitokeze, Johnny Blood akiwemo. Zilipatikana kama dola 50,000. Mwaka 1950 wakauza hisa kwa mara ya tatu, dola 25 kila moja, na kikomo kikawekwa cha hisa 200 kwa mtu ili pasitokee tajiri wa kujibebea timu. Zilikusanywa kama dola 118,000. Siku moja mwanamke kutoka upande wa Wrightstown aliingia ofisini na kiberiti kikubwa cha jikoni. Ndani hakukuwa na njiti: kulikuwa na sarafu za senti 25, alizoleta zihesabiwe, zitimie dola 25, apewe hisa moja.

Nikifika Green Bay, pa kuona ni wapi zaidi ya uwanja mkubwa?

Uwanja mkubwa ulifunguliwa 1957 baada ya wananchi kuupigia kura mwaka uliotangulia (Halas wa Bears mwenyewe alikuja kuwaombea kura), na ukapewa jina la Lambeau mwaka 1965 alipofariki.

Lakini mimi ningekupeleka kwanza shule ya sekondari ya East. Imejengwa pale palipokuwa Hagemeister Park, kwenye kamba na magari. Nyuma yake ndipo ulipojengwa City Stadium mwaka 1925, jukwaa la mbao la watu 6,000 lililoongezwa hadi 25,000. Packers walibadilishia nguo shuleni. Wageni mara nyingi walivalia hotelini na kuja wameshavaa jezi. Wanafunzi bado wanacheza pale. Ukienda Ijumaa jioni wakati wa vuli, kata tiketi mlangoni.